Mjuzi wa Riwaya za Mapenzi kwa Njia za Panya

Umealikwa. Pengine ni kikundi cha kusoma cha Jumamosi, pengine ni saluni, pengine ni meza ya chakula cha mchana kazini ambako wenzako wiki nzima hawana habari nyingine. Mada ni riwaya za mapenzi, na wewe umeona majalada tu. Usisingizie kuumwa kichwa. Nenda. Nitakupitisha njia za panya, na ukifuata ninavyokuelekeza utaketi pale na heshima yako, na kuna kitabu kimoja angalau utakipenda kweli.

Jua kwanza kwamba hakuna aliyesoma vyote. Julia Quinn ana vitabu vinane vya ndugu wa Bridgerton, alivyovitoa kati ya 2000 na 2006. Sarah J. Maas alitoa vitano vya A Court of Thorns and Roses kati ya 2015 na 2021. Vya Rebecca Yarros vya majoka vilitoka vitatu kati ya 2023 na 2025, kila kimoja kinene kama tofali. Mtu mwenye kazi, watoto na foleni za barabarani havimalizi. Kila unayemwona akiongea kwa kujiamini ameruka mahali. Anachokuzidi ni kwamba yeye anajua pa kuruka.

1. Sura ya mwisho iache

Mabanda ya video yalitufundisha zamani: stelingi hafi. Riwaya ya mapenzi ina sheria kali kuliko hiyo. Chama cha waandishi wa riwaya hizi cha Marekani kiliweka masharti mawili: mapenzi yawe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Basi. Kwa hiyo mwisho unaujua kabla hujafungua kitabu. Wataoana, au watakuwa mbioni kuoana, na kwenye kurasa za nyongeza pengine atakuwepo mtoto.

Sheria hii itumie. Mtu akitaja Romeo and Juliet kama mfano wa riwaya hizi, mwambie kwa upole kwamba wale wawili walikufa, na kwamba Shakespeare aliandika tanzia. Meza itatulia. Mwingine atauliza: kama mwisho mnaujua, mnasoma nini? Jibu unalo, tena la kweli: tunataka kuona hawa wawili, kwa kiburi chao na woga wao, watapita wapi mpaka wafike. Hilo huwezi kulikisia. Ndiyo maana vitabu hivi husomwa usiku kucha na watu wanaojua fika vitakavyoisha.

2. Ingia na kitabu cha pili

Mifululizo mingi ya mapenzi hujengwa juu ya ndugu au marafiki, kila kitabu na jozi yake. Kaka akioa katika hiki, dada anafuata katika kile. Mlango uko wazi popote. Ushauri wangu, ingia na cha pili. Katika cha kwanza mwandishi bado anatambulisha ukoo, mji na vyeo. Katika cha pili ameshawazoea watu wake na anaanza kuwatesa vizuri.

Kwa Quinn hilo halina mjadala. The Duke and I, kitabu cha kwanza, kina kitendo kimoja ambacho mhusika mkuu, Daphne, anamfanyia mumewe akiwa amelewa, bila ridhaa yake, na wasomaji wengi wa leo hawakivumilii. Nami simo kati ya wanaokitetea. Cha pili, The Viscount Who Loved Me, kilichotoka mwaka huohuo wa 2000, kimemzidi mwenzake kwa kila kitu.

Kwa Maas pia cha pili ndicho kitabu. A Court of Mist and Fury cha 2016 kinamchukua Feyre, ambaye katika cha kwanza alihatarisha maisha kwa ajili ya mpenzi wake Tamlin, na kumuuliza swali ambalo riwaya nyingi hazithubutu kuuliza: je, kama uliyempigania siye? Lakini hapa huwezi kuruka cha kwanza kimyakimya, maana hadithi ni moja inayoendelea. Mtafute aliyekisoma, mnunulie soda, akusimulie. Atafurahi. Wapenzi wa Maas hawajawahi kukataa kusimulia.

Kwa Yarros geuza kanuni. Kitabu chake cha kwanza, Fourth Wing, kina mwendo wa kukimbiza: Violet Sorrengail, msichana mwenye mifupa na viungo dhaifu aliyetarajia kuishi na vitabu, analazimishwa na mama yake, jenerali, kujiunga na wapanda majoka, na siku ya kwanza tu inabidi avuke ukuta mwembamba ambako wengine wanaanguka na kufa. Uliyelelewa na hadithi za Eric Shigongo gazetini, ukisubiri wiki nzima baada ya “itaendelea”, utaona mara moja jinsi Yarros anavyofunga sura zake. Kitabu cha pili, Iron Flame, kilitoka mwaka huohuo wa 2023, miezi michache tu baadaye, na haraka ile inaonekana. Ni kirefu kuliko mambo yake. Sema hivyo na watakuhesabu umesoma vyote vitatu.

3. Tafuta ukurasa wa nyuki

Hapa usiruke. Kila riwaya nzuri ya mapenzi ina sura moja, mara nyingi katikati, ambamo mmoja wa wale wawili anavuliwa ngao yake mbele ya mwenzake. Isome hiyo mara mbili. Ukiwa nayo hiyo moja, unaweza kuzungumza juu ya kitabu kizima bila kutetereka.

Chukua hicho cha pili cha Quinn. Anthony Bridgerton ni mtoto wa kwanza, mwenye cheo, mali na majivuno. Baba yake alikufa akiwa na miaka 38, Anthony akiwa na 18, na kilichomuua mzee yule ni nyuki mmoja tu. Tangu hapo Anthony ameshika imani ambayo hajamwambia mtu: kwamba naye hatavuka umri wa baba yake. Kwa hiyo anataka kuoa haraka, na anamtafuta mwanamke ambaye hatampenda, ili kufa kusiwe kugumu. Anamchagua Edwina. Dada yake Edwina, Kate, amejipa kazi ya kulinda mlango, na kila anapomwona Anthony wanagombana.

Sasa wako bustanini, wanabishana kama kawaida, nyuki anatua kwa Kate na kumchoma karibu na shingo. Kate anaona ni jambo dogo. Anthony anaishiwa nguvu. Mwanamume yule asiyetetereka anamsihi, anahangaika, mwisho anaweka mdomo wake pale ili afyonze sumu. Na hapohapo wanafumaniwa: mama yake Anthony, mama wa kambo wa Kate, na mwanamke mmoja mmbea ambaye mji mzima utapata habari kwake kabla ya chai. Hakuna wa kueleza kitu akaaminiwa. Wanalazimika kuoana.

Angalia kilichofanyika. Kicheko, hofu ya kifo na ndoa vimeingia katika ukurasa mmoja, na mdudu aliyefanya yote hayo alikwisha kutajwa mapema kabisa. Wanaodhani riwaya za mapenzi huandikwa kwa mkono wa kushoto waonyeshe ukurasa huu.

4. Kuwa na swali moja

Utasikia wenzako wakitaja aina za hadithi: maadui wanaoishia kupendana, uchumba wa kuigiza, wapenzi wa zamani wanaokutana tena, nyumba ya wageni yenye kitanda kimoja. Usizikariri zote. Zinarudiwa kwa sababu watu wanazitaka, na mwandishi hodari huchukua kitanda kilekile na kukitandika upya.

Beba swali hili tu: kwa nini hawa wawili hawaambiani ukweli sasa hivi? Ndilo swali linalotenganisha riwaya nzuri na mbovu. Kama dakika tano za maongezi zingemaliza tatizo lote, na hakuna kinachowazuia ila mwandishi, kitabu ni dhaifu, sema hivyo bila kuomba radhi. Kama kuna sababu ya kweli ya kunyamaza, kitabu kimesimama.

Jaribu kwa The Love Hypothesis ya Ali Hazelwood, ya 2021. Ilianza kama hadithi ya mtandaoni ya wapenzi wa filamu za Star Wars, ikabadilishwa majina na mazingira. Olive, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Stanford, anambusu Adam Carlsen, profesa anayeogopwa na idara nzima, ili rafiki yake aamini kwamba ana mchumba. Chanzo chepesi. Lakini katikati anadhalilishwa na mtu ambaye ni rafiki wa Adam na mshirika wake katika utafiti, na akisema anavuruga kazi ya mwanamume anayempenda, na hana hakika ataaminiwa. Ukimya wake una uzito. Mwanamke yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa mwenye marafiki wengi anaelewa. Kwa swali hilohilo, Iron Flame inaanguka: Violet na mpenzi wake Xaden wanarudia ugomvi uleule wa siri kwa kurasa nyingi mno, na msomaji anatamani kuwafungia chumbani mpaka wayamalize.

5. Usijichome kwa Netflix

Wengi hudhani kutazama ni njia fupi ya kusoma. Ni fupi kweli, na ndipo wanaponaswa. Tazama ukitaka, lakini chunga haya.

Katika kitabu cha Quinn, Kate ni Kate Sheffield. Ukimwita Kate Sharma huku unadai umesoma, umekwisha. Hiyo ni ya Bridgerton, tamthilia ya Netflix, msimu wa 2022, uliomfanya atokee India, na nadhani ni mabadiliko mazuri. Nyuki yupo kwenye tamthilia, lakini hakuna ndoa ya kulazimishwa. Kule Anthony anafika hadi madhabahuni na Edwina. Malkia Charlotte hayumo kabisa katika vitabu vile vinane. Na kubwa kuliko yote ni Lady Whistledown, mwandishi wa siri wa gazeti la umbea: watazamaji walionyeshwa uso wake mwishoni mwa msimu wa kwanza, Desemba 2020, ilhali wasomaji wa Quinn walikaa bila jibu mpaka kitabu cha nne, Romancing Mister Bridgerton, mwaka 2002. Msimu wa tatu, wa 2024, ulikiruka kitabu cha tatu ili kukifikia hicho.

Hapo nina neno. Kumfichua mapema kuliwapa watazamaji raha ya kujua siri ambayo wahusika hawaijui, lakini kuliwanyima mshtuko. Mimi nauchagua mshtuko. Ukichagua kinyume chake, una hoja nzuri pia, muhimu uchague.

6. Cha Hoover kisome chote

Njia za panya zinafungwa hapa. It Ends with Us ya Colleen Hoover ilitoka 2016, ikalipuka miaka kadhaa baadaye kupitia video za TikTok, na 2024 ikawa filamu. Jalada lina maua. Wengi walikinunua wakidhani ni kitabu cha kujiliwaza. Lily Bloom alikulia katika nyumba ambamo baba alimpiga mama, akaapa yasimpate, kisha akampenda Ryle, daktari mwenye haiba, na Ryle akaanza kumpiga. Baada ya kumzaa binti yao, Lily anamwacha. Hoover ameeleza kwamba alikiandika akimfikiria mama yake mwenyewe.

Ukisoma sura chache za mwanzo ukasimama, utakuja mezani ukimsifia Ryle, na huenda pembeni yako ameketi mtu aliyewahi kuishi na Ryle wake. Usifanye hivyo. Soma mpaka mwisho. Na usimzawadie mtu kitabu hiki bila kumwambia kilicho ndani. Ninavyokiona mimi, ni kitabu chenye ujasiri wa kweli kilichouzwa kwa sura isiyokuwa yake. Mwendelezo wake wa 2022, It Starts with Us, ni mpole mno. Unaweza kuuacha bila kupoteza kitu.

7. Akitokea mwenye dharau

Atatokea. Mara nyingi ni mwanamume aliyesoma fasihi chuoni, naye atasema haya ni makapi ya wanawake. Usipandishe sauti. Muulize kwa heshima ni riwaya gani amemaliza mwaka huu, kisha ngoja.

Ukimaliza kungoja, mpe historia kidogo. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na mwanzoni ilichapisha kila aina ya vitabu; mapenzi ndiyo yaliyoibeba. Harlequin ya Kanada ikainunua 1971. Vitabu vyao vyembamba vimezunguka dunia mpaka vikafika chini, kwenye maturubai ya wauza vitabu vya mtumba Nairobi, na kwenye mabweni ya wasichana ambako vilisomwa kwa tochi ndani ya blanketi na kupokezana mpaka jalada likaanguka. Wasichana wengi walizoea kusoma kurasa mia mbili za Kiingereza kwa usiku mmoja kwa sababu ya vitabu hivyo, na hakuna mwalimu aliyewaamuru.

Kisha mtajie Beach Read ya Emily Henry, ya 2020. January anaandika riwaya za mapenzi. Gus anaandika riwaya nzito ambamo watu hufa. Ni majirani kando ya ziwa Michigan, na wanawekeana dau: kila mmoja aandike aina ya mwenzake. January amefiwa na baba yake, na nyumba anayokaa ndiyo nyumba ambamo baba alikuwa akikutana na mwanamke mwingine. Kwa hiyo kuamini mwisho mwema si ujinga kwake. Ni kazi, na anaifanya huku analia. Ukieleza hivyo taratibu, mwenye dharau atauliza jina la mwandishi. Mtajie na Book Lovers ya 2022, ambamo Henry anamchukua yule mwanamke wa mjini anayeachwa katika kila filamu, aliyebanwa na kazi na simu, na kumpa yeye hadithi.

8. Ukikwama

Itafika wakati wakakuuliza juu ya kitabu ambacho hujawahi hata kukishika. Usibuni. Inua kiganja, sema: “Mwenzangu, bado sijafika huko, usinimalizie uhondo.” Hakuna msomaji wa mapenzi duniani atakayeivunja sentensi hiyo. Watakuheshimu, watabadili mada, na mmoja wao atakuonea wivu kwamba bado unayo raha ile mbele yako.

9. Hukumu zako za kuondokea

Uwe nazo chache, fupi, na uzisimamie. Quinn: kitabu cha pili, kisha cha nne. Maas: cha pili, na kile kijitabu chembamba cha 2018 ukipite. Yarros: cha kwanza. Henry: Beach Read, lakini anayependa Book Lovers msibishane.

Na Talia Hibbert, Mwingereza ambaye sijui kwa nini hatajwi zaidi kwenye meza zetu. Ameandika juu ya dada watatu weusi wa ukoo wa Brown, kitabu kimoja kwa kila dada, 2019 hadi 2021. Chloe wa kwanza anaishi na maumivu ya mwili yasiyoisha, na Hibbert hamponyi kwa mapenzi; anampa mwanamume anayejifunza lini asaidie na lini akae kando. Kitabu cha pili, Take a Hint, Dani Brown, kina Zafir, mlinzi aliyewahi kucheza raga, mwenye mwili wa kutisha na wasiwasi unaomkamata kifua. Zafir anasoma riwaya za mapenzi. Anazisoma hadharani, kazini, bila kuficha jalada. Nikiulizwa ni mwanamume gani wa vitabu vyote hivi ningemtaka awe shemeji yangu, namtaja yeye kabla swali halijaisha.

Anza na hicho basi, ukikipata kwa rafiki. Soma sura za katikati, rudi mwanzoni ukinogewa, na utanogewa. Kisha kirudishe. Amekuazima kwa kukuamini na kuna mtu nyuma yako anakisubiri. Mpelekee wiki hii, na umwombe cha Chloe.